Walioridhika wa Kushkdar

Bibi yule aliingia ofisini saa nane mchana, saa ambayo mji mzima wa Yazd umefunga milango na kulala. Sikusikia hatua zake. Niliinua macho kutoka kwenye kompyuta nikamwona amesimama kando ya kabati la mafaili, mdogo, mkavu, amejitanda chadori nyeusi iliyopauka kwa jua hadi mabegani imekuwa rangi ya kutu. Viatu alikuwa amevivua mlangoni, kama mtu anayeingia msikitini.

"Wewe ndiye unayehesabu watu?" akaniuliza.

"Sihesabu watu, Bibi. Napima viwanda."

"Nimeambiwa karatasi za Kushkdar ziko hapa."

"Hizo zipo."

"Basi sijakosea nyumba." Akaketi kwenye kiti cha Farzin, mwenzangu, aliyekuwa kwao amelala kama binadamu wengine. "Naitwa Mahsoltan. Mume wangu ameweka dole gumba kwenye karatasi yenu. Nimekuja kuliona."

Nilimmiminia chai, nikamuuliza jina la mume. Yadollah mwana wa Heidar, akasema. Nikafungua faili, na kweli alikuwepo, dodoso namba kumi na tisa. *Umeridhika kwa kiasi gani na jinsi kiwanda cha vigae cha Narvan kinavyowatendea majirani zake?* Jibu: sana mno. *Na jinsi kinavyotumia maji?* Sana mno. Chini yake, alama ya dole gumba kwa wino wa buluu.

"Huyu hapa, Bibi. Mzee ameridhika kuliko wote. Kwani hakukwambia?"

Nilisema kwa mzaha. Yeye hakucheka wala hakukasirika.

"Angeniambia vipi, mwanangu? Yuko ndani ya kanati tangu mwaka ule wa theluji kubwa. Udongo ulimwangukia akiwa anachimba mfereji huko chini ya ardhi. Hawakuweza kumtoa. Mwaka huu ni wa arobaini na tano."

Akaivuta karatasi karibu na uso. Alikuwa hajui kusoma, lakini alama ile aliisoma muda mrefu sana.

"Dole la Yadollah lilipasuliwa na sululu," akasema. "Lilikuwa na mstari hapa, kutoka kwenye ukucha hadi chini. Hili ni laini. Hili ni dole la mtu wa dukani."

Lazima niseme kazi yangu ilikuwa nini, maana bila hivyo huwezi kujua kwa nini mikono yangu ilipoa mchana wa mwezi wa Tir, katikati ya kiangazi, jua likiwa limekaa juu ya mapaa.

Tulikuwa tunapanga viwanda sita vya vigae kwa ajili ya Nishani ya Kijani ya mkoa. Kiwanda kitakachoshika nafasi ya kwanza kingepewa kibali cha kuchimba kisima kirefu kipya, na Narvan walikuwa wameshaonyesha wanataka kuchimba wapi: juu kidogo ya Kushkdar. Kijiji kilikuwa kimebakiwa na nyumba saba zinazoishi kwa tone la chemchemi moja. Kisima kile kikichimbwa, nyumba saba zinafunga.

Vigezo vilikuwa maji, hewa, taka, wafanyakazi, majirani. Kila mtu tuliyemuuliza alijibu kwa maneno: kidogo sana, kidogo, wastani, sana, sana mno. Mtu akisema "kidogo" hana namba moja kichwani. Kidogo cha mwenye kiu si kidogo cha aliyekunywa. Kwa hiyo kila neno tunalipa namba tatu, ya chini kabisa, ya katikati, na ya juu kabisa, na kati yake tunaacha ukungu. Ndivyo tulivyoziita sisi wenyewe, hesabu za ukungu. Nilizipenda tangu chuoni kwa sababu zilikuwa hesabu za kwanza kunikubalia kwamba watu hawana hakika. Niliamini, na bado naamini, kwamba kwa njia hiyo unaweza kumsikiliza hata mtu asiyejua kusema anachotaka.

Ya Kushkdar yalikuwa madodoso arobaini, yaliyokusanywa kwa msaada wa kiwanda chenyewe. Nilipoyaingiza wiki mbili kabla, ukungu wake ulikuwa mwembamba sana, karibu haupo. Watu arobaini, neno moja. Nilifurahi. Nilimwita Farzin aje aone jinsi yalivyonyooka. Na yeye akasema, "Injinia Pegah, hawa watu wamelishwa nini? Mimi na mke wangu hatujawahi kukubaliana hata kwenye chumvi."

Tukacheka, tukaendelea.

Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya Bibi Mahsoltan na orodha ile, na yeye akaniambia, "Nisomee wengine."

Nikasoma. Abbasqoli mwana wa Safar.

"Yuko makaburini, safu ya ukutani. Figo."

Senobar binti wa Jafar.

"Alikufa kwa kuzaa. Mimi ndiye niliyemshika kichwa."

Hoseinali mwana wa Hoseinali.

"Yupi, baba au mtoto? Haidhuru. Wote wamezikwa."

Nilisoma majina arobaini, na kati yao watatu tu walikuwa hai. Alijibu bila haraka, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na mimi nilianza kusoma kwa sauti ya chini bila kukusudia. Nilipomaliza nilirudi mwanzo wa orodha.

"Na wewe, Bibi? Mbona jina lako halimo?"

"Mimi sina hisa ya maji. Mimi ni mke."

"Mke wa nani aliyebaki?"

"Wa kanati."

Nilikuwa nimewahi kusikia desturi hiyo kwa nyanya yangu, ila sikujua kama kuna mtu aliyebaki nayo. Mfereji wa chini ukianza kupungua maji, wazee walitafuta mjane wakamwoza kwa kanati. Alipewa ngano kila msimu, na yeye kazi yake ilikuwa kushuka kuoga katika maji yale, majira ya joto na ya baridi, ili maji yasihame nyumba. Bibi Mahsoltan aliozwa mwaka wa nne baada ya Yadollah kufukiwa. Mume wa kwanza alikuwa amelala ndani ya mume wa pili.

"Nilikuwa nikishuka naoga nao wote wawili," akasema, na hapo ndipo alipotabasamu, mara ile moja. "Wanawake walinitania. Mahsoltan, leo umelala na nani?" Kisha tabasamu likaondoka. "Kanati ilikauka miaka sita iliyopita. Narvan walikuwa wamechimba kisima chao cha kwanza. Nilishuka nikakaa kwenye tope. Sikulia. Mtu akifa mbele yako taratibu, machozi huisha kabla yake."

Nilichukua dodoso jipya, kwa mazoea tu, labda kwa woga, nikamuuliza swali la kwanza. Umeridhika kwa kiasi gani: kidogo sana, kidogo, wastani?

"Na wewe mama yako akifa nikuulize unamkosa kwa kiasi gani? Wastani?"

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia namwomba radhi. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Nilidhani atasema nikizuie kiwanda, niandike gazetini, niende kwa gavana.

"Watoe humo," akasema. "Hawakusema neno. Mtu aliyekufa asisemewe. Lakini usiwafute kama anayefagia ua. Mmoja mmoja, kwa jina lake na la baba yake, na kila mmoja na Fatiha yake. Uniahidi."

Niliahidi. Lilikuwa jambo dogo, mistari thelathini na saba kwenye jedwali.

Alipoondoka nilimkimbilia mlinzi, Mashdi Safar, kumwambia amsaidie Bibi kupata teksi. Mashdi aliruka kwenye kiti.

"Bibi yupi? Hapa hajapita hata nzi!"

"Ulikuwa umelala."

"Silali mimi. Nilifumba macho kupunguza mwanga."

Barabarani hapakuwa na mtu. Ni mchana, ni Yazd, hakuna ajabu. Lakini nilirudi juu nikahesabu karatasi upya, na dodoso namba kumi na tisa lilikuwa na unyevu mdogo pale alipolishika.

Siku ile yote majina yalinifuata. Kwenye foleni ya mkate mtu aliita "Yadollah!" nikageuka. Kijana mmoja akaitikia. Mama aliponiuliza kama chakula kimekolea nilisikia kichwani neno "sana mno" kwa sauti nisizozijua, nyingi, zote kwa pamoja.

Kesho yake asubuhi nilipiga namba ya simu iliyoandikwa nyuma ya dodoso namba kumi na tisa. Alipokea mpwa wa Yadollah, mwenye duka la mazulia hapo hapo mjini.

"Ndiyo, niliweka mimi," akasema bila kusita. "Orodha waliyokuja nayo watu wa Narvan ni daftari la hisa za kanati. Hisa bado ziko kwa jina la ami. Hatujawahi kugawana, nani agawane maji ambayo hayapo? Wakasema mwenye jina aweke dole. Nikaweka kwa niaba. Ulitaka nimwamshe?"

"Na jibu? Ulichagua wewe 'sana mno'?"

"Lilikuwa limeshawekwa alama, dada'ngu. Tulipewa katoni mbili mbili za vigae. Vizuri kweli, vya maua." Kisha akauliza, "Kwa nini? Kuna shida kwa ami?"

Nilimshukuru nikakata simu. Hakuwa mwongo. Kwetu majina ya marehemu hubaki kwenye maji vizazi na vizazi, na kila mtu anajua kwamba Abbasqoli wa daftarini ni watoto tisa wa Abbasqoli. Kila mtu isipokuwa kompyuta yangu, iliyokuwa imewapokea mmoja mmoja kama watu walioketi kivulini wakafikiri, wakajibu.

Ijumaa Farzin alinipeleka Kushkdar kwa gari lake. Njiani hakuacha maneno.

"Kwa hiyo tunakwenda kuwahoji tena? Nimesahau kinasa sauti. Injinia, ukiniacha huko mke wangu atakudai."

"Wewe huna hisa, hawatakuchukua."

Bibi Mahsoltan alikuwa akitungoja penye lango la makaburi, kana kwamba tulipanga. Nilisoma orodha, yeye akatangulia na fimbo yake. Huyu hapa. Huyu. Huyu na mkewe. Farzin alianza kwa kupiga picha mawe na kunong'ona vichekesho. Kwenye jina la kumi na mbili akaizima simu. Makomamanga ya ukutani yalikuwa yamekaukia mtini, meusi. Tulipata thelathini na sita.

Kwa yule wa thelathini na saba alitupeleka nje ya kijiji, kwenye mashimo ya kanati yaliyopangana jangwani kama vishimo vya mchwa mkubwa. Alichuchumaa penye mojawapo. Kanati hai hupumua. Ukiinama juu ya shimo lake wakati wa joto, hewa baridi yenye harufu ya udongo mbichi hukupanda usoni. Lile halikupumua.

"Yadollah," akaita ndani. "Nimewaambia kwamba hukuweka dole."

Nikasubiri mwangwi. Shimo kavu, lenye kuta ngumu, kina cha mita sitini: nimesoma fizikia, sauti lazima irudi. Haikurudi. Farzin aliokota jiwe akaliachia. Tulisimama watatu tukisikiliza. Nilihesabu hadi thelathini.

"Limeanguka kwenye mchanga," Farzin akasema, akirudi nyuma hatua moja.

"Ndiyo," akasema Bibi. "Kwenye mchanga."

Tulirudi mjini jua likizama.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kufunga. Mfumo wa bodi ya mkoa ungejifunga saa sita mchana na kuchukua jedwali lilivyo, kwa jina langu kama mchambuzi. Asubuhi na mapema niliingia kwa Daktari Tahmaseb, mwenye ofisi, aliyenifundisha chuoni na kunipa kazi wakati hakuna aliyetaka msichana asiye na uzoefu. Juu ya meza yake ilikuwepo barua ya kunipendekeza kwa chuo kikuu cha Tehran, nafasi ya shahada ya uzamivu. Ilikuwa imekamilika, imebaki saini.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza akikoroga chai.

"Sheria inawatambua hao kama wenye maji, au haiwatambui?"

"Inawatambua, Daktari."

"Warithi wamejibu, au hawajajibu?"

"Wamewekewa jibu."

"Binti yangu, ukiwatoa thelathini na saba unabaki na watatu. Kigezo kizima kinakuwa ukungu mtupu, na Narvan wanaanguka kutoka nafasi ya kwanza."

"Kama ni ukungu, tuseme ni ukungu. Si ndiyo hesabu uliyonifundisha?"

Alinitazama kwa huzuni, na hiyo ndiyo iliyoniuma, maana nilijiandaa kwa hasira. "Ofisi hii inalisha familia sita. Narvan wameiahidi kazi ya miaka miwili. Wazee wako wa Kushkdar wamekufa, hawatakufa tena. Acha jedwali. Mchana nasaini barua yako, na hutaligusa jambo hili maisha yako yote."

Nilitoka. Nilikaa mbele ya kompyuta bila kufanya kitu. Nilimfikiria mama, ambaye tayari alikuwa amemwambia kila jirani kwamba nakwenda Tehran. Saa tano na nusu Daktari alishuka kumpokea mgeni barabarani. Farzin akaniegemea.

"Chagua mistari yote, bonyeza mara moja. Sekunde mbili. Mimi nasimama mlangoni. Akirudi umemaliza, hakuna ushahidi kwamba ulikaidi. Utasema ulikuwa umeshafuta asubuhi, kabla ya kuzungumza naye."

Lilikuwa shauri jema, la rafiki. Nilichagua mistari yote. Ikawa buluu skrini nzima, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Nikaiachia. Nilianza na wa kwanza.

"Abbasqoli mwana wa Safar," nikasema kwa sauti, nikasoma Fatiha, nikafuta mstari. "Senobar binti wa Jafar."

"Wallahi umerukwa na akili," Farzin akasema, lakini hakuondoka mlangoni.

Nilikuwa kwenye jina la kumi na moja nilipomsikia Daktari nyuma yangu. Alikuwa amefungua kinywa kusema, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa kwenye *Alhamdu lillahi Rabbil alamin*. Kinywa chake kikabaki wazi. Hakuna mtu kwetu anayekatiza Fatiha ya marehemu. Niliona midomo yake ikianza kusogea yenyewe, kwa mazoea ya miaka sitini, akaisoma nami hadi mwisho.

Nikafuta mstari.

"Pegah, nisikili..."

"Hoseinali mwana wa Hoseinali," nikasema, nikaanza tena. Naye akalazimika kunyamaza tena, na midomo yake ikasogea tena.

Ilikuwa hivyo kwa majina mengi. Kati ya jina na jina alipata nafasi ya maneno machache. "Barua sitaisaini." Fatiha. "Unajua maana yake?" Fatiha. "Kesho usije." Fatiha. Sauti ya Farzin ilijiunga, kisha ya Mashdi Safar, aliyepanda kuuliza kuna msiba wa nani. Sijui kwa nini nilisikia zaidi ya sauti nne. Sikugeuka kuhesabu. Chumba kilikuwa kimepoa, na harufu ilikuwa ya udongo mbichi.

Pembeni ya skrini namba zilikuwa zikibadilika kila mstari ulipotoka. Ukungu wa Kushkdar ulipanuka, ukapanuka, Narvan ikashuka kutoka ya kwanza hadi ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipofika kwa Yadollah mwana wa Heidar Daktari alikuwa ameketi kwenye kiti cha Farzin, mikono magotini.

Saa sita kasoro dakika tatu nilibakiwa na mmoja, Golabatun binti wa Karim. Bibi Mahsoltan alisema alikuwa msusi wa mikeka, na zaidi ya hapo hakumkumbuka.

"Ondoka na vitu vyako leo," Daktari akasema taratibu, bila kuniangalia. "Ufunguo mpe Mashdi."

"Sawa, Daktari," nikamjibu.

Kisha nikataja jina la Golabatun na la baba yake, nikamsomea yeye pia, neno kwa neno bila kukimbia, nikamfuta.